Geuza kamera, utazame mto unakotoka

Jioni yoyote isiyo na mawingu mazito, Bujumbura hupigwa picha ileile. Jua linatua nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya Kongo. Maji ya Tanganyika yanang'aa. Kwenye ufukwe wa Saga mtu mmoja amesimamishwa mbele ya mwanga ili aonekane kivuli cheusi. Kabla ya saa moja usiku picha hiyo imeshazunguka kwenye simu za mji mzima, ikisindikizwa na nyimbo na mioyo myekundu. Si picha mbaya. Ubaya wake ni kwamba imepigwa mara nyingi mno, na kila anayeipiga ameupa mji mgongo.

Mpiga picha huyohuyo, lau angekuwa Ngagara saa hizo, akasimama kwenye ukingo wa mto Ntahangwa na kugeukia mashariki, angekuta kazi nyingine kabisa inamsubiri. Mwanga anaoufuata ziwani ndio unaoipiga milima ya Mumirwa usoni. Mikunjo ya vilima inaonekana moja baada ya nyingine, na chini yake mto unakuja kwa kona kona hadi miguuni pake. Kila kitu ambacho walimu wa picha za mandhari hukililia kipo hapo: mbele pana mawe na mchanga, katikati pana maji, nyuma pana mlima. Hapo huonekana wachimba mchanga na watoto wanaofua. Wapiga picha ni wachache.

Ngagara yenyewe ni mtaa uliochorwa kwa rula. Ulijengwa miaka ya 1950 na OCAF, ofisi ya Wabelgiji iliyopewa kazi ya kujenga makazi ya Waafrika katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi, na jina la ofisi hiyo likageuka kuwa jina la mtaa kwa miaka mingi. Katiye zake hutajwa kwa namba, avenyu zake zimenyooka. Upande wa kusini unapita Ntahangwa, unaoitenga na Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake kinajulikana Burundi nzima. Upande wa kaskazini, ukielekea Kamenge na Cibitoke, upo mto Nyabagere. Komini nayo inaitwa Ntahangwa, kwa jina la mto. Mkazi wa Ngagara, basi, anaishi kati ya maji mawili, na maji hayo hayakuwahi kufuata rula ya Mbelgiji.

Kwa mpenda picha, huo ni utajiri. Wapiga picha huzungumzia mistari ongozi: barabara, reli, ukuta, safu ya miti, chochote kinacholishika jicho la mtazamaji kwenye ukingo wa picha na kulipeleka ndani. Katika mistari yote hiyo, mto ndio unaopendwa zaidi, kwa sababu unajipinda. Mchoraji Mwingereza William Hogarth aliandika kitabu kizima mwaka 1753 akitetea mstari wenye umbo la herufi S kuwa ndio mstari wa uzuri, na mwaka 1797 mwenzake John Thomas Smith akatoa kanuni ya theluthi, ile ambayo leo inakuja ndani ya kila simu kama vimstari vinne vyembamba kwenye kioo. Watu wengi wanaviwasha vimstari hivyo bila kujua kwamba vina umri wa zaidi ya karne mbili.

Mfano unaotajwa kila darasani ni picha ya Mmarekani Ansel Adams ya mwaka 1942: mto Snake ukijipinda kama S katikati ya bonde, na nyuma yake milima ya Teton chini ya mawingu. Mwaka 1977 picha hiyo iliwekwa kwenye rekodi ya dhahabu iliyopachikwa katika vyombo vya anga vya Voyager, iwe miongoni mwa vitu vya kuitambulisha Dunia kwa yeyote atakayeikuta huko mbali. Leo anayekwenda kusimama pale Adams aliposimama hapati picha ileile, kwani miti imekua na kuficha sehemu ya ile kona ya mto. Adams alitafuta uzuri, na bila kukusudia akaacha pia kumbukumbu ya hali ya bonde lile mwaka ule. Jambo hilo la pili ndilo ambalo wapiga picha wa Bujumbura wanaliacha lipotee bure.

Mstari una tabia moja isiyosemwa sana vitabuni: hulipeleka jicho mbali bila kujali maji yanaelekea wapi. Jicho huanzia chini ya picha na kupanda. Ukipiga Ntahangwa ukiwa umeelekea magharibi, jicho linateremka pamoja na maji na kuishia ziwani, penye jua na utulivu. Ukipiga ukiwa umeelekea mashariki, jicho linapanda kinyume cha maji na kuishia milimani. Mto ni mmoja, daraja ni moja, lakini picha hizo mbili zinasema mambo mawili tofauti. Ya kwanza inasema maji yamefika. Ya pili inauliza yametoka wapi na yamebeba nini.

Kuhusu mwelekeo wa maji, kona hii ya Afrika ina kisa chake. Burton na Speke walipofika Tanganyika mwaka 1858, ilizuka hoja kubwa Ulaya kama Rusizi, mto wa kaskazini mwa ziwa, unaingia au unatoka, kwa sababu wengine walitamani sana uwe njia ya kuelekea Nili. Burton aliambiwa na wenyeji wa Uvira kwamba mto unaingia ziwani. Ubishi uliendelea zaidi ya miaka kumi, hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi mpaka mlangoni na kujionea maji yakiingia. Mstari ulikuwapo kwenye ramani muda wote. Waliokosa kuusoma ni wale waliokwisha kuamua walitaka uwapeleke wapi.

Hapo ndipo penye lawama kwa wapiga picha wa mandhari wa mji huu, wa simu na wa kamera kubwa. Mistari yao imeamua kwenda ziwani kabla hawajafika mtoni.

Tuanze na mambo ya ufundi, maana hoja hii si ya huruma peke yake. Kuanzia saa kumi jioni hadi karibu saa kumi na mbili, jua likiwa upande wa ziwa, ndipo Mumirwa inapopata mwanga wa mshazari unaochonga kila bonde. Asubuhi ni kinyume: jua linachomoza nyuma ya milima, na milima inageuka ukuta mweusi usio na habari. Saa nzuri ya kutazama mto unakotoka, kwa hiyo, ni ileile ambayo kila mwenye kamera amekimbilia ufukweni. Na msimu ulio bora si kiangazi, ingawa ndipo wengi wanapotoka. Wakati wa kiangazi hicho, impeshi kwa Kirundi, hewa hujaa vumbi na moshi, milima inafifia, mto unakuwa kijito chembamba kati ya mawe. Baada ya mvua kubwa hewa huoshwa, na mtu anaweza kuzihesabu nyumba zilizo juu ya vilima.

Lenzi nayo ina siasa yake. Kamera ya simu, hasa ile ya upana mkubwa, hukuza kilicho karibu na kudidimiza kilicho mbali. Jiwe la mtoni linakuwa kubwa kama lori, na mlima ulioinuka juu ya mji unabaki utepe mwembamba chini ya anga. Matokeo ni picha yenye mto usio na chanzo. Dawa yake ni rahisi: rudi nyuma, kisha vuta mara mbili au tatu. Vilima vitasogea na kusimama juu ya mapaa, kama vinavyosimama kweli juu ya maisha ya watu wa Ngagara, Gihosha na Kamenge. Anayepiga kutoka darajani asisimame katikati, mto ukaigawa picha vipande viwili sawa na jicho likakosa la kufanya. Asogee mwisho wa daraja, aache ukingo uingie kutoka kona ya chini, upite, upinde, upotee nyuma ya kitu.

Na mistari yenyewe si maji tu. Kando ya Ntahangwa kumejengwa kuta za gabioni, yale makasha ya waya yaliyojazwa mawe. Baadhi ya kazi hiyo imefanywa kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, katika mradi uliogusa pia vilima vya juu kwa kuchimba mitaro ya kuzuia maji na kupanda miti. Kwa mpiga picha, gabioni ni zawadi: mstari ulionyooka kando ya mstari uliopinda, kazi ya mikono kando ya kazi ya maji. Wengi huikata itoke kwenye fremu kwa kuwa eti inaharibu mandhari. Wanakosea. Ukuta wa gabioni unalipeleka jicho kwa nguvu kuliko mto wenyewe, halafu unalifikisha mahali pazito kuliko pote, pale ukuta unapoishia na ukingo wa udongo mtupu unapoanza, nyumba ikiwa juu yake. Buyenzi, Nyakabiga na Mutanga zote zimeona viwanja na nyumba vikimegwa na Ntahangwa. Ukingo uliomegwa una mstari mkali unaoonekana hata na asiyejua lolote kuhusu picha.

Kuna mtindo mmoja unaostahili kupingwa waziwazi. Ni ule wa kuweka kamera juu ya tripodi, kufungua shata kwa nusu sekunde au zaidi, na kuyageuza maji kuwa hariri. Kwenye chemchemi safi ya msituni mtindo huo unapendeza. Kwenye mto wa Bujumbura siku ya mafuriko ni uongo. Maji yale ni mazito, yana rangi ya matofali, yamebeba migomba, magogo, chupa na vipande vya nyumba za watu. Nusu sekunde inavifuta vyote na kubakiza utepe laini wa rangi ya kahawia ambao mtu angeweza kuutundika sebuleni. Kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde huyasimamisha maji na kumwonyesha mtazamaji nguvu yake na mzigo wake. Anayetaka ulaini asubiri impeshi.

Kwa nini uzito wote huu kwa kijito? Kwa sababu ya maumbile ya mahali. Ziwa liko kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha safu inayogawa maji ya Kongo na Nili kinapita mita 2,000, katika umbali usiofika kilomita 30. Bujumbura hupata mvua ya kiasi cha milimita 800 kwa mwaka, ilhali kule juu zinaweza kupita 1,500. Vilima vya katikati ni vya mwinuko mkali, vimelimwa, na miti yake imepungua. Mvua ikinyesha juu, udongo unateremka pamoja na maji, na mtu aliye Ngagara anaweza kuona mto ukijaa wakati juu ya kichwa chake anga ni jeupe. Mpiga picha aliyeshuka kati ya mawe na tripodi yake alijue hilo kabla ya kujua kanuni yoyote ya theluthi.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishuka kwenye vilima vya kaskazini mwa mji. Maji, matope na mawe yaliteremka kwenye makorongo na kuingia Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani. Zaidi ya watu 60 walikufa, na maelfu walibaki bila nyumba. Asubuhi yake kamera zilifika, kama ilivyo kawaida, zikapiga kuta zilizoanguka, vitanda vilivyojaa tope na akina mama wakilia. Picha hizo zilihitajika. Lakini karibu zote zilikuwa picha za mwisho wa mstari. Mahali mstari ulipoanzia, kule juu, hapakuwa na picha za kutosha za jana na za mwaka wa nyuma ambazo mtu angeziweka mezani mbele ya mhandisi au diwani na kusema: tazama, korongo hili lilikuwa hivi.

Wapo waliofanya kazi kama hiyo, na si lazima kwenda Marekani kuwatafuta, ingawa huko Mark Klett na wenzake walirudi mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye sehemu zilizopigwa picha karne iliyotangulia, wakasimama palepale na kupiga tena. Kenya ina mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Mwaka 1937 vilima vya Machakos, vilivyokuwa vimekwanguliwa na mmomonyoko, vilipigwa picha na afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni. Zaidi ya nusu karne baadaye watafiti walirudi kwenye maeneo yaleyale na kamera zao. Waliochungulia picha za zamani wangetabiri jangwa. Picha mpya zilionyesha matuta, miti na mashamba, licha ya watu kuwa wameongezeka mara kadhaa. Kitabu kilichotokana na utafiti huo, cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilitoka mwaka 1994 na bado kinabishaniwa vyuoni. Hakuna takwimu ndani yake iliyomfikia msomaji wa kawaida kama zile picha mbili mbili za kilima kimoja. Na zilifika kwa sababu kulikuwa na picha ya kwanza ya kulinganisha.

Upande wa pili utasema kwamba picha ya mandhari ni ya kupumzisha macho, na kwamba nchi iliyopitia mengi kama Burundi ina haki ya kuonyesha uzuri wake. Ni kweli. Hakuna anayetaka machweo ya Tanganyika yapigwe marufuku, na mgeni anayeamua aje au asije hashawishiwi na gabioni. Lakini picha ya mto unaoshuka kutoka Mumirwa saa kumi na moja jioni si picha ya huzuni. Ni nzuri kuliko ya ufukweni kwa vipimo vyote vya wapiga picha wenyewe: ina kina, ina tabaka, ina mwanga wa mshazari, ina mstari unaopinda. Inachoongeza ni ukweli wa mahali. Anayeona kwamba ukweli unaharibu uzuri hajaitazama milima hiyo vya kutosha.

Upo upinzani mwingine wenye uzito zaidi, nao ni wa wakazi. Mtu anayeishi ukingoni hataki nyumba yake iliyopasuka iwe pambo la maonyesho ya watu wa mjini. Tena Ngagara si mahali ambapo kamera ni kitu cha mchezo. Tarehe 13 Oktoba 2015 mpiga picha wa televisheni ya taifa aliuawa hapo pamoja na watu wa familia yake, katika mwaka ambao mitaa hii iliona maandamano, risasi na watu wengi kuyahama makazi yao. Mtu anayeingia na lenzi ndefu na kuielekeza darajani ataulizwa maswali, na ana wajibu wa kuyajibu. Apite kwa shefu wa katiye au nyumbakumi, ajitambulishe, aseme anapiga nini na picha zitakwenda wapi. Awaombe ruhusa wachimba mchanga kabla ya kuwafanya sehemu ya mstari wake. Picha ya mto haiharakishwi. Mto utakuwapo kesho, na mwenye nyumba aliyeelezwa vizuri mara nyingi ndiye atakayemwonyesha ukingo ulikuwa wapi mwaka jana.

Yeye, kwa kweli, ndiye angefaa kushika kamera. Mkazi ana faida ambayo hakuna msafiri anayo: yuko pale kila siku, msimu wa mvua na wa impeshi, na anajua ni jiwe lipi lililohama. Simu ya kawaida inatosha. Inahitajika nidhamu tu ya kusimama mahali pamoja, kwenye alama moja ya daraja, kwa urefu mmoja wa mkono, bila kuvuta zaidi ya mara iliyopita, na paa moja au nguzo moja ikiwekwa mahali palepale kwenye vimstari vya kioo. Baada ya mwaka mtu huyo atakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina.

Shule za Ngagara zinaweza kuifanya hii iwe kazi ya somo la jiografia bila kusubiri mfadhili. Wahariri wa magazeti, nao, wanaponunua picha za mandhari za Bujumbura, waache kulipia machweo ya ishirini na wadai picha moja iliyopigwa kuelekea mashariki, yenye ukingo, ukuta na mlima ndani ya fremu moja. Na wewe unayevuka daraja la Ntahangwa jioni ukirudi kutoka kazini, ukikuta anga limetakata baada ya mvua, simama upande wa juu wa daraja, upige picha moja, uandike tarehe, na uihifadhi mahali ambapo hutaifuta.